Yule Mzee Tuliyempita Mlangoni

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya mwezi wa kumi ambayo haijanitoka mwilini hadi leo, nami nimeinyamazia miaka mingi kwa sababu hainipi sifa yoyote. Jumapili nilipita sebuleni nikakuta ramani yako imetandazwa mezani, wewe na wenzako mmeiinamia, mnapanga safari ya kuwinda kanga kwenye pori ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kulikanyaga. Asubuhi ile ikanirudia yote. Nilitaka kusema neno palepale, lakini nikaona mngenikubalia kwa adabu, mngesema "ndiyo baba", kisha mngerudi kwenye ramani yenu. Kwa hiyo nimeamua kukuandikia, na nakuomba usome ukiwa umekaa.

Nasema ukiwa umekaa kwa sababu nakujua. Hiyo miguu isiyotulia umeirithi kwangu, na mama yako ni shahidi. Hata leo, na mvi zangu hizi, nikisubiri chai ichemke nanyanyuka mara tatu kwenda kufunua birika. Nilipokuwa kijana hali ilikuwa mbaya zaidi, kukaa kitako kulikuwa ugonjwa kwangu.

Orodha yenu ni nzuri, sikatai. Kibali mmekata, bunduki imesafishwa, tairi la akiba lipo, maji yapo, simu zina ramani ndani yake. Nimeisoma mara mbili mlipotoka kwenda kula. Kuna jambo moja halimo, na ni lilelile ambalo halikuwemo kwenye orodha yangu mimi kule Guangzhou, nilipokuwa na umri kama wako. Kwa kukosa jambo hilo nusura rafiki yangu akatwe mguu.

Unajua kwamba nimekulia nje kidogo ya mji wa Singida, na kwamba marehemu babu yako alikuwa mtegaji wa kwale. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na kwale dume aliyemfuga kwenye tundu, na tukifika porini tundu lile liliwekwa chini, likazungushiwa matanzi yaliyosokotwa kwa nywele za mkia wa ng'ombe. Kwale wetu akiimba, dume mwenye eneo lake husikia, hukasirika, huja mbio kumfukuza mgeni, na miguu yake hunasa. Kazi yenyewe ni hiyo tu.

Lakini babu yako alikuwa na desturi moja iliyonichosha sana. Tukienda kutega kwenye kijiji kisicho chetu, hatukuingia porini moja kwa moja. Tulipita kwanza kwenye nyumba ya mwisho, ile iliyo karibu na pori kuliko zote, tukapiga hodi, tukakaa. Akajitaja jina na ukoo wake, akauliza habari za mvua na za watoto, na mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo tu, akauliza, "Mmetega wapi?" Watu wa kule walichimba mashimo ya nguruwe pembezoni mwa mashamba yao, na mgeni haoni shimo lililofunikwa kwa majani. Mwenye nyumba alitoka nje akaonyesha kwa kidole: pale, na pale, na kule kwenye kichuguu.

Siku moja tulitembea tangu alfajiri, tukafika nyumba ya mwisho, tukakuta mlango umefungwa na watu wamekwenda msibani. Baba akakaa chini akapumzika kidogo, akanyanyuka, akabeba tundu lake, tukarudi nyumbani na kwale hajaimba hata mara moja. Nililia kwa hasira njia nzima. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na niliapa moyoni kwamba nikiwa mkubwa sitapoteza siku yangu kwa kupigia watu hodi.

Basi nikawa mkubwa. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikwenda China kununua nguo na redio za dukani, wakati ambapo Watanzania waliofika Guangzhou walikuwa wachache kiasi cha kujuana kwa majina. Nilipanga hoteli ya bei rahisi pale Xiaobei, ghorofa ya nne, chumba kimoja na Sudi, kijana wa Unguja. Sudi alikuwa kinyume changu kabisa. Aliweza kukaa dirishani akinywa chai yake mpaka ikapoa, akaimaliza vilevile. Alikuja kununua vitambaa pale Zhongda kwa ajili ya duka la baba yake, na vyombo kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, iliyokuwa mwezi uliofuata. Kila jioni baada ya kuswali alivitandaza kitandani alivyonunua, akavikunja tena kimoja kimoja, akiniambia Zuwena atakipenda hiki, Zuwena hatakipenda kile. Mchumba wake nilimjua kwa mambo anayoyapenda kabla sijauona uso wake.

Chini yetu alikaa Mama Rehema, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyetutangulia sote kule. Alitupikia wali na maharage kwenye jiko la umeme ambalo mwenye hoteli alilikataza, na sote tulilinda siri hiyo kwa matumbo yetu. Sharti lake kwetu lilikuwa moja tu: ukitoka, mwambie unakokwenda. Alisema mji ule una watu wengi mno, hawezi kumuuliza kila mmoja kama amekuona.

Mzigo wangu ulikuwa kiwandani haujaisha kushonwa. Mwenye kiwanda, ambaye tulimwita laoban kama tulivyowaita wenye mali wote wa kule, alinipokea kila asubuhi kwa tabasamu, akanimiminia chai, akaniambia "mingtian", yaani kesho. Nikija kesho yake, mingtian. Siku ya nne nikaanza kutembea mitaani bila kazi. Nilitoka Xiaobei nikaenda Sanyuanli, nikarudi, nikaenda tena. Niliwahesabu wauza mikanda. Nilipanda ngazi za majengo ya maduka ya jumla mpaka juu bila haja ya kununua kitu, nikateremka. Mwili ulikuwa ukiniwasha kwa ndani, mwanangu, na hakuna mahali pa kujikuna.

Siku ya sita, kwenye kichochoro kimoja cha Sanyuanli, nilisikia kwale akiimba. Nilisimama katikati ya mkokoteni na pikipiki, nikatukanwa kwa Kichina, nikabaki nimesimama. Hakuimba sawasawa na kwale wa kwetu, ila hasira ilikuwa ileile. Nikafuata sauti hadi kwenye kibanda cha mwuza ndege. Kwale alikuwa kwenye tundu la mianzi, kifua chake kina madoa meupe, na mwenye kibanda akanionyesha kwa vidole kwamba ndege huyo huwekwa mlimani ili awaite wenzake. Nilitaka kumkumbatia yule mtu. Nimetoka Singida hadi China nikakuta kazi ya baba yangu!

Nilimnunua yule kwale na tundu lake, na mwuzaji akaniandikia kwenye karatasi ya pakiti ya sigara jina la mji mdogo ulio kaskazini, mwendo wa saa tatu kwa basi, wenye vilima. Siku ileile, tulipokuwa tukila, mfanyabiashara mmoja wa Kikongo aliyekaa meza ya jirani akaapa kwamba huko milimani kuna hata bata mzinga wa mwitu. "Kubwa namna hii, papa," alisema, akafungua mikono yake upana wa meza. Sikumwamini, lakini usiku huo sikulala.

Niliipanga safari ile kuliko nilivyopanga biashara iliyonipeleka kule. Nilinunua ramani kwenye stesheni ya treni, yote maandishi ya Kichina, nikalinganisha umbo la maandishi na yale ya kwenye pakiti ya sigara mpaka nikauona mji. Nikapata saa za mabasi. Nikasokota matanzi kwa nyuzi za nailoni. Nikanunua mikate, mayai ya kuchemsha na viatu vya raba. Sikuuliza hata kama sheria yao inamruhusu mgeni kutega ndege. Sikuwa na habari.

Sudi hakutaka kwenda. Alisema ana harusi na ana vitambaa vya kufungasha. Nikamtania kwa maneno ambayo leo nikiyakumbuka natamani kuyarudisha mdomoni. "Bwana harusi anaogopa kuchafua viatu," nilimwambia mbele ya watu, "na Zuwena anajua ameposwa na nani?" Watu wakacheka. Sudi naye akacheka kidogo, na asubuhi nikamkuta ameshavaa.

Kwenye ngazi tulikutana na Mama Rehema akitoka kuchota maji ya moto.

"Shikamoo mama," tulimwamkia.

"Marahaba. Mnakwenda wapi na hilo tundu?"

"Zhongda, mama. Tunampelekea mwenye duka la vitambaa ndege wake."

Lilitoka bila kukwama, mwanangu. Nilijua angetuzuia, nami nisingeweza kuvumilia siku nyingine moja ya kuzuiwa. Sudi aliangalia ngazi. Yeye hakuwa mtu wa kusema uongo, na wala hakuwa mtu wa kumuumbua mwenzake.

Basi lilituteremsha saa nne kasoro. Tulitoka nje ya mji kwa miguu, tukafuata njia ya udongo kuelekea kwenye vilima, na njia ile ilipita mlangoni pa nyumba moja ya matofali, peke yake, ya mwisho kabla ya mlima. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akipasua mianzi. Alipotuona aliweka kisu chini, akanyanyua mkono.

Sudi akapunguza mwendo. "Tumwamkie basi."

"Utamwamkia kwa lugha gani?" nilimjibu. "Twende bwana, jua linapanda."

Tukapita. Nyuma yetu yule mzee akaita. Nilisikia vizuri. Akaita mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Kule mjini wageni tulikuwa tukiitwa kutwa nzima na wauza saa na wauza mikoba, na tulishazoea kutogeuka. Kwa hiyo sikugeuka, nikaongeza mwendo, na Sudi akaongeza mwendo kunifuata.

Nyumba ya mwisho, mwanangu. Mwenyewe nimekulia kwenye milango ya nyumba za mwisho. Nilipita nikaona ni nyumba ya Wachina tu.

Mlimani kulikuwa na misonobari, mianzi na magugu yaliyofika kiunoni, na hapa na pale kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye tawi. Sudi aliuliza ni vya nini. Nilimwambia ni mambo ya ibada zao, na nilisema kwa uhakika kama mtu aliyezaliwa pale. Tukachagua mahali pa wazi, nikaweka tundu chini, nikatandika matanzi, tukajificha. Kwale akakaa kimya kidogo, kisha akaimba. Na juu kule, kwenye mianzi, mwingine akamjibu.

Siwezi kukuficha, nilifurahi kuliko siku yoyote niliyokaa China. Mwasho wote uliniisha. Yule wa juu aliimba tena, karibu zaidi, kisha akasita, hakushuka. Nikamwashiria Sudi kwa mkono azunguke kushoto, ainame, apite kwenye magugu ili amsukume ndege kuja upande wetu. Babu yako asingefanya hivyo kamwe, angengoja. Mimi sikuweza kungoja. Sudi akainama, akaingia kwenye magugu, akapita chini ya kitambaa chekundu.

Nilisikia chuma kikigongana na chuma. Halafu Sudi akasema "Yaa Rabbi," kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na nafsi yake.

Ulikuwa mtego wa nguruwe, wa meno, umefungwa kwa mnyororo kwenye shina la mti. Ulimshika mguu wa kulia juu kidogo ya kifundo. Nilivuta meno yale kwa mikono mpaka vidole vikachanika. Nilikata tawi nikajaribu kuyatanua, tawi likavunjika, meno yakarudi, na hapo Sudi akapiga kelele ambayo siwezi kuiandika. Nikaenda kutafuta tawi lingine, nikarudi, nikaenda tena, nikawa nazunguka tu, mwanangu, nikihangaika bila maana.

"Elia," akaniita. "Hebu simama. Nenda kamwite yule mzee."

Nikageuka nikimbie.

"Usikimbie!" alisema. "Kwani unajua iko mingapi? Pita tulipopita. Kanyaga tulipokanyaga."

Mtu aliyekuwa kwenye maumivu yale ndiye aliyenifikiria miguu yangu. Na sasa tazama adhabu niliyopewa. Kijana ambaye hakuweza kusubiri chochote, rafiki yake anavuja damu nyuma yake, nami ilinibidi nishuke mlima ule hatua moja moja, nikitafuta unyayo wangu wa kupandia kabla sijaweka mguu. Kila mahali niliona vitambaa vyekundu. Vilikuwa vingi. Tulivipita vyote tukipanda, na kimoja nilikuwa nimetundika koti langu karibu yake. Nilitaka kupiga mayowe. Nilitetemeka kwa hamu ya kukimbia, na sikukimbia.

Sikufika hata nusu ya njia. Yule mzee alikuwa tayari anapanda. Alishika mwanzi mrefu aliokuwa akipapasia chini mbele yake, na begani ana kipande cha chuma. Alikuwa akitufuata tangu tulipompita, kwa mwendo wa umri wake. Hakunisalimu. Alianza kunigombeza kwa lugha yake, akanigombeza njia nzima hadi tulipofika kwa Sudi, na sikuelewa hata neno moja ila nilielewa yote. Kisha akanyamaza, akapiga magoti, akaweka chuma chake mahali anapopajua, akakandamiza kwa miguu yote miwili, na meno yakafunguka kwa urahisi kabisa.

Alimpigia jirani yake ukelele uliosikika bonde zima. Jirani akaja na kitrekta chenye tela, tukamlaza Sudi juu ya majani ya mpunga, tukampeleka kwenye hospitali ndogo ya mji ule. Daktari alisafisha, akafunga, kisha akatutazama akitafuta namna ya kutueleza. Mwishowe akapitisha upande wa kiganja chake juu ya kifundo cha Sudi, kama kisu, halafu akanyanyua vidole vitatu. Siku tatu. Nyama isipopata uhai kwa siku tatu, watakata. Sudi aliona kiganja kile kama nilivyokiona mimi. Akageuza uso ukutani na kumtaja Zuwena mara moja tu.

Nilipiga simu hotelini, na jioni ileile Mama Rehema akafika akiwa na msichana wa mapokezi aliyejua Kiingereza kidogo. Alimshika Sudi kichwa, akamsomea dua, akamlisha uji. Kisha akanitoa nje kwenye varanda. Nilitegemea kofi. Lau angenipiga kofi ningeshukuru.

"Ningemtafuta Zhongda," alisema taratibu. "Unanielewa, Elia? Ningepita duka moja baada ya jingine, kwa miguu yangu hii ya kuvimba, nikiuliza vitambaa. Huku mtoto wa watu yuko mlimani kwenye chuma. Na ungekufa wewe pia, mama yako ningemwambia nini? Kwamba mlipeleka ndege dukani?"



Kesho yake asubuhi nilikuwa nikienda na kurudi kwenye varanda, mlango hadi ngazi, ngazi hadi mlango. Mama Rehema akachoka kunitazama. "Toka hapa," akasema. "Mguu hauponi kwa wewe kutembea. Chukua sukari na majani ya chai, nenda kwa yule mzee ukamshukuru. Na ukifika ukae. Usinyanyuke mpaka akunyanyue yeye."

Nikaenda. Mzee alikuwa mlangoni pake, kwenye kigoda kilekile, anapasua mianzi. Tundu la kwale wangu limetundikwa kwenye upenu wake, na ndege ana maji na nafaka. Nikainamisha kichwa, nikampa sukari na chai kwa mikono miwili. Akapokea, akaingia ndani, akatoka na kigoda cha pili. Nikakaa. Akanipa maji ya moto, nikanywa. Akaendelea kupasua mianzi yake. Muda ukapita mwingi, sijui kiasi gani. Miguu ilinicheza, magoti yakapanda na kushuka yenyewe, nikayashika kwa mikono. Nilikuwa nikifikiria vidole vitatu vya daktari, na kimoja kilishapita.

Ndipo mzee akaweka kisu chini. Akachukua ufito mwembamba, akachora kwenye vumbi mbele ya miguu yangu. Akachora kisanduku, akagusa ukuta wa nyumba yake. Akachora mstari, akaonyesha njia. Akachora kilima. Halafu akaanza kuweka nukta, moja moja, bila haraka, na kwa kila nukta alichukua kitambaa chekundu kutoka kwenye fungu lililokuwa kando yake, akanionyesha, akakirudisha. Alipomaliza, kilima chote kilikuwa na nukta. Na katikati yake palibaki ujia mwembamba ulio salama, akaupitisha ufito wake mpaka juu, kwenye mianzi, pale kwale alipokuwa akiimba. Akanitazama. "Pengyou," akasema, yaani rafiki, neno tuliloambiwa kutwa na wauzaji. Safari hii lilisemwa na mtu ambaye hakuwa na kitu cha kuniuzia.

Nilidai sina lugha ya kumwamkia. Lugha gani? Kigoda, ufito na vumbi. Isingechukua hata robo saa. Angetuonyesha kila mtego alioutega, na pengine angetuambia kwa mikono yake kwamba ndege wa pale hawategwi na wageni, nasi tungekula mayai yetu na kurudi. Nililia pale mlangoni pake bila kujificha, na yeye akarudi kwenye mianzi yake akaniacha nilie. Kwale nilimwachia.

Siku ya tatu daktari alikuja, akafunua, akafinya kidole gumba cha mguu wa Sudi kwa nguvu. Sudi akaruka. "Aa! We bwana wee!" akafoka, na daktari akacheka, na Mama Rehema akapiga kigelegele hospitali nzima ikachungulia. Sijawahi kufurahia maumivu ya mtu namna ile.

Mguu ulibaki. Haukubaki kama ulivyokuwa. Mshipa ulikuwa umekatika, na kifundo hakikukunjika tena sawasawa.

Nilipanda ndege hadi Unguja kwenye harusi mwezi uliofuata, maana Sudi aliniambia nisipokwenda atajua nimemkimbia. Alitoka kwao amevaa joho na kilemba, mkononi ameshika bakora, kama desturi ya bwana harusi wa kule. Watu walimsifu anavyokwenda kwa madaha, polepole, na ile bakora yake nzuri. Katika watu wale hakuna aliyejua isipokuwa mimi na yeye. Mabwana harusi wenzake hushika bakora kwa pambo, na yeye alikuwa ameiegemea.

Kabla hajaingia kwa akina Zuwena nilimsogelea nikamwomba msamaha, kwa mara ya ishirini labda. Akanishika bega ili apumzishe mguu.

"Mtego hukuutega weye," alisema. "Lakini yule mzee tulimsikia sote wawili, Elia. Na mie nilisikia, nikakufuata."

Basi, mwanangu. Ongeza kwenye orodha yako. Mkifika kwenye pori lile, egesheni gari kwenye nyumba ya mwisho. Zimeni injini. Pigeni hodi, mkae, mnywe mtakachopewa, mjitaje majina, na kabla ya kuondoka ulizeni, "Mmetega wapi?" Ulizeni pia kisichotakiwa kuguswa, na nani amezikwa wapi, na maji yanapita wapi mvua ikinyesha. Ramani yenu haina habari hizo, wanazo watu. Mkikuta mlango umefungwa, ngojeni. Wasiporudi, geuzeni gari mrudi nyumbani mikono mitupu, na ukinikasirikia njiani kama nilivyomkasirikia babu yako, ni sawa, nitafurahi kukasirikiwa na mtu mzima wa viungo.

Ukiondoka hapa, mwambie mama yako unakokwenda, mahali penyewe hasa, hata kama unajua atapinga. Mkibadilisha njia, mwambie. Na kama siku moja wewe ndiwe unayefuata nyuma ya mwenzako mwenye haraka, ukasikia mtu anawaita, simama wewe hata kama yeye hasimami. Sudi amebeba hilo miaka yote, na kosa lilikuwa langu.

Mungu akutangulie, mwanangu, wewe na wenzako. Akupe macho ya kuona alama za wenyeji na moyo wa kukaa kwenye kigoda unapopewa. Mkipata kanga, mshukuruni. Msipopata, mshukuruni pia. Miguu mtakayoondoka nayo hapa mlangoni, nirudishieni yote, na nitakuwa nimekaa pale barazani nikiihesabu. Nitajitahidi kukaa.